Kamba ya Ndama

Bochaberi alienda Homa Bay siku mbili tu, lakini aliporudi Kegonga mumewe alilalamika kwamba amerudi na maarifa ya miaka kumi. Chama chao cha wakulima kilikuwa kimemtuma kwenye semina ya kuhifadhi nafaka, kwa sababu kati ya wanachama kumi na saba ni yeye peke yake aliyekiri kwamba Jumanne hana kazi. Alikula samaki mara nne, akalala ndani ya neti isiyo na tundu hata moja, na akarudi nyumbani na vitu vitatu: kamba nene ya manila ya rangi ya buluu, kufuli jipya, na sheria.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Mtu haingii kwenye bani, ghala lao la mahindi, wakati kilango cha chini kiko wazi. Anayetaka kuingia anakifunga kwanza kwa kufuli, ufunguo anautia mfukoni mwake mwenyewe, anajifunga kamba, na mtu mwingine anabaki mlangoni ameishika kamba hiyo. Bochaberi aliisema mezani, siku ile ile aliyorudi, kabla hata hajavua viatu.

Bani hilo lilijengwa kwa ajili ya tumbaku, zamani zile ambapo nusu ya Kuria ilinuka tumbaku na nusu nyingine ilikuwa njiani kuipanda. Ni chumba kirefu cha matofali, hakina dirisha, na kimeenda juu kuliko nyumba yoyote pale jirani. Angwenyi, mumewe, alilinunua pamoja na shamba kutoka kwa baba mkwe wa Bhoke, jirani yao, na tumbaku ilipoacha kulipa akaligeuza kuwa ghala. Mahindi yaliingizwa kwa mlango mdogo ulio juu, karibu na paa, ambao unafikiwa kwa ngazi. Chini, usawa wa goti, alitoboa ukuta akaweka kilango cha bati la kuvuta. Ukikivuta, mahindi yanamiminika yenyewe ndani ya gunia. Angwenyi alijivunia kilango hicho kuliko watoto wake wawili wa kwanza, na wote wawili ni walimu.

"Mama Kerubo," alimwambia mkewe baada ya kuisikia ile sheria, "hii ni mahindi, si ziwa. Ziwani mtu anazama. Kwa mahindi mtu anasimama."

"Mwalimu wetu alituonyesha," Bochaberi akasema.

"Alizama?"

Bochaberi akamweleza. Mwalimu, mama mmoja mnene aitwaye Eucabeth, alijaza debe mahindi, akasimamisha juu yake mdoli wa plastiki, kisha akazibua tundu chini ya debe. Mdoli aliteremka polepole na kwa adabu, magoti, kiuno, kifua, na kabla semina nzima haijamaliza kucheka zikabaki nywele. Eucabeth akamfunga uzi mkononi akamwita mwanamume mwenye nguvu aje amtoe. Yule bwana alivuta, na mkono wa mdoli ukatoka peke yake. Hapo ndipo watu walipoacha kucheka.

"Kumbe wamewafundisha kucheza na midoli," Angwenyi akasema, akaomba aongezewe mboga.

Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri hata anapoomba chumvi, na ubishi wake ulikuwa wa kufurahisha mradi huishi naye. Kamba ilitundikwa kwenye msumari kando ya ngazi ya bani. Ilikaa pale siku sita. Siku ya saba Bochaberi aliikuta imemfunga ndama nyuma ya jikoni, kwa sababu ndama huyo alikuwa na tabia ya kuingia kwenye sukuma wiki, na Angwenyi aliona ni dhambi kamba nzuri kama ile kuning'inia bure. Bochaberi alisema. Akasema tena wiki iliyofuata. Angwenyi akajibu kwamba ataitafuta nyingine ya ndama, na ndama akaendelea kupendeza na buluu yake.

Sasa, Ijumaa. Mnunuzi wao alikuwa Osman, mwenye duka la nafaka mjini Migori, na lori lake halikuwa na nafasi kirahisi. Siku ya mnada liko Ogwedhi, siku nyingine liko Isebania, Jumapili liko gereji. Ilibaki Ijumaa. Lakini Ijumaa Osman hatoki mjini kabla ya kuswali, na Angwenyi hagusi gunia jua likishazama, kwa maana hapo Sabato imeingia. Kwa hiyo biashara yao ilipita kwenye upenyo ule mwembamba wa mchana mmoja, na kwa miaka mitatu ilikuwa imepita vizuri. Osman alikuwa akifika saa kumi, wakapakia, wakanywa chai, na kila mmoja akaagana na mwenzake akiwa hajakosana na Mungu wake.

Ijumaa hii mvua ilinyesha njiani. Lori liliingia uani saa kumi na moja kasorobo, matope mpaka kwenye vioo. Magunia yaliyotakiwa ni arobaini, na shule moja ya bweni huko Homa Bay ilikuwa ikiyangoja Jumamosi asubuhi. Jua lingezama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Angwenyi alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

Walifanya kazi bila porojo. Osman alishika magunia, dereva wake Frankline, jitu la watu kutoka Migori, aliyabeba, na Bhoke alishona midomo kwa sindano yake ndefu huku akiwataka waharakishe. Gunia la ishirini na tatu lilipofika nusu, mahindi yakakatika. Frankline akapiga ukuta kwa ngumi. Zikatoka punje tatu.

Angwenyi alipanda ngazi akachungulia. "Juu bado imejaa," alisema akiwa huko huko. "Imeshikana tu. Ile mvua ya mwezi wa nne ilivuja hapa, ikafanya ganda. Leteni mti."

Bochaberi alikuwa anatoka jikoni na birika la chai. Alisikia maneno hayo mawili, bado imejaa, akasimama papo hapo. Eucabeth alikuwa amelisema jambo hili hili. Ukiona chini yametoka magunia mengi na juu hapajashuka, basi katikati kuna pango, na hilo ganda ndilo dari lake.

"Baba Kerubo, usiingie. Ngoja kufuli," akasema.

"Dakika mbili tu. Unaona jua liko wapi?"

"Na kamba?"

"Kamba iko na mwenyewe," Angwenyi akajibu, akimaanisha ndama, na Frankline akacheka. Kisha akapitisha mguu mmoja mlangoni, wa pili, na mti wake, akatoweka.

Bochaberi aliliweka birika chini akaenda haraka kulitafuta kufuli. Hakufika mbali. Alisikia mlio mkavu, mmoja, na mara hiyo hiyo kilango cha chini kikaanza kumwaga mahindi kwa nguvu kuliko mwanzo, yakalijaza gunia, yakamwagikia miguu ya Osman.

"Imekubali," Frankline akasema kwa furaha. "Mzee ni fundi."

Bochaberi alitupa leso yake ya mabegani, akapita kati yao, akapiga magoti na kulisukuma lile bati kwa viganja viwili. Lilikwama kwenye punje. Akalisukuma kwa bega mpaka likafunga. Halafu ukimya ukaja, na ndani ya ukimya huo wakasikia sauti ya mtu akikohoa mbali sana.

Frankline ndiye aliyepanda ngazi kwanza. Aliporudisha kichwa nje, uso wake ulikuwa mwingine. "Yawa," akasema. "Mzee imemmeza mpaka kwapani."

Ganda lilikuwa limevunjika chini ya Angwenyi akaanguka kwenye pango, na mahindi ya pembeni yakamporomokea. Kile kilichokuwa kikitoka kwa furaha kwenye kilango kilikuwa kikimvuta yeye.

"Tufungue hii kitu," Osman akasema, akiinama kwenye kilango. "Tufungue yote, tumwage mahindi chini, atoke nayo. Mahindi si kitu, mama. Mimi nitalipa yote."

"Hapana."

"Mama, atakufa."

"Ukifungua ndiyo atakufa. Yatamvuta hapa chini, na hapa kwenye tundu hapiti."

Aligeuka akaketi, mgongo umekibana kilango, miguu imenyooka mbele kama mtu anayepumzika baada ya palizi. Alimtuma Bhoke amletee kufuli kwenye kabati, akalitia kwenye pete ya kilango bila kuinuka, akafunga, na ufunguo akauingiza kifuani. Osman alimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu anayempenda. Frankline alikuwa amekwisha kumfungua ndama, akaja mbio na kamba.

"Basi tumvute. Mimi peke yangu naweza kumtoa."

"Najua unaweza," Bochaberi akasema. "Utamtoa mikono."

Akawaeleza habari za mdoli. Aliieleza kwa haraka, tena vibaya, akianzia mwisho, huku akiogopa, kwa sababu ukweli ulikuwa huu: yeye mwenyewe aliona kwa mdoli tu. Hajawahi kuona mtu. Huko ndani kulikuwa na mwanamume aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja, na nje hapa kulikuwa na wanaume wawili wenye nguvu waliotaka kusaidia, na yeye alikuwa amewazuia kwa neno la mama mmoja wa Homa Bay na debe lake. Kama Eucabeth alikosea, basi Bochaberi ndiye aliyemuua mumewe. Alilijua hilo, na bado hakuinuka.

Osman akavua kofia yake. "Sawa. Wewe ndiye umesoma. Tufanye nini?"

Hapo ndipo Bochaberi alipoinuka. Alimwambia Frankline aifunge kamba kwenye boriti ya paa na kumpitishia Angwenyi chini ya makwapa, imshike asishuke zaidi, wala asivute. Alihitaji mbao pana, nne, za kumzungushia. Bhoke hakuuliza swali. Alikwenda kwake, akarudi na mlango wa jikoni kichwani, bawaba zikiwa bado zimeng'ang'ania misumari. Osman akang'oa ubao wa nyuma wa lori. Mabati mawili mapya yaliyokuwa yakingoja kuziba lile lile paa linalovuja yakatoka stoo, na kwa kweli Bochaberi aliyatazama kwa uchungu, maana kama yangepigiliwa mwezi wa tatu, haya yote yasingetokea.

Aliingia yeye, kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko wanaume na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkataza. Walimtangulizia meza ya sebuleni, imepinduliwa miguu juu, akatambaa juu yake ili asiyasukume mahindi kumwelekea mumewe. Ndani kulikuwa na vumbi na joto. Angwenyi alikuwa amebaki kichwa, mabega na mikono miwili iliyonyooshwa juu ya mahindi. Uso wake ulikuwa na unga mpaka kwenye kope. Bochaberi alimfunga leso puani.

"Mama Kerubo," akasema. Alikuwa akipumua kwa vipande. "Inabana. Kifuani."

"Najua. Usiongee."

"Nimesimama," akasema. "Si nilikuambia. Kwa mahindi. Mtu anasimama."

Bochaberi alitaka kumpiga kofi na kumbusu, na hakuna lililokuwa rahisi, kwa hiyo alianza kazi. Waliupitisha mlango wa Bhoke kwanza, akauchomeka wima nyuma ya mgongo wa mumewe, akautikisa mpaka ukazama. Kisha ubao wa lori, kisha mabati, mpaka akawa na sanduku dogo na mumewe katikati. Halafu akachukua gorogoro ya kupimia, akachota mahindi ndani ya sanduku, akayatupa nje ya sanduku. Akachota tena. Nje hayakuweza kurudi, kwa sababu mbao ziliyazuia. Ilikuwa kazi ya kijinga kabisa kuitazama, mwanamke anachota ghala kwa kopo la kilo mbili. Baada ya kopo la hamsini kifungo cha pili cha shati kilionekana.

Bochaberi alikiona kifungo hicho akalia kidogo, bila kuacha kuchota. Eucabeth hakukosea.

Mikono yake ilipochoka akaingia Bhoke, na Bhoke alipochoka akaingia Osman, ameinama juu ya meza iliyopinduliwa, jasho linamdondoka kwenye ndevu. Huko nje jua liliteremka nyuma ya vilima. Mwanga wa mlango mdogo uligeuka rangi ya chungwa, kisha ukafifia, na Angwenyi, ambaye sasa alikuwa huru mpaka tumboni na pumzi zake zimerudi, akainua kichwa.

"Jua limezama," akasema.

Gorogoro iliendelea.

"Nasema Sabato imeingia. Waambie wapumzike."

"Baba Kerubo," Bochaberi akasema kutoka mlangoni, "wewe mwenyewe ulituhubiria habari ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Ulisema anatolewa siku hiyo hiyo."

"Kwa hivyo mimi ni ng'ombe."

"Ng'ombe angesikia nilipomwambia asiingie."

Osman alicheka mpaka akamwaga kopo. Adhana ya simu yake ikalia mfukoni, ya magharibi, akaizima kwa kiwiko akasema Mungu anaona yuko wapi, atamlipa akimaliza hapa. Angwenyi aliyasikia hayo. Kisha akaanza kuifungua Sabato kwa wimbo, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyebanwa, Bochaberi akaupokea, Bhoke ambaye ni Mkatoliki akaudaka asipoujua, na Osman akaendelea kuchota kwa kufuata mapigo.

Magoti yalipotokea, Frankline aliishika kamba akamsaidia polepole, na Angwenyi akapanda juu ya meza yake ya sebuleni akiwa na kiatu kimoja. Kiatu cha pili kilikuja kupatikana wiki mbili baadaye, kwenye gunia la kumi na sita la mzigo uliofuata. Hakuweza kusimama. Walimshusha kwa ngazi, wakampakia kwenye lori juu ya magunia ishirini na mawili, lakini kabla ya kuwasha gari Osman alitandika gunia tupu kando ya bani akaswali. Lori zima lilimngoja.

Kituo cha afya kilisema mbavu zimeteguka, miguu imevimba, na bahati yake ni kubwa. Alirudi nyumbani Jumamosi asubuhi, na kamba ya buluu ilikuwa imesharudi shingoni mwa ndama. Waumini walipotoka kanisani walikuja kumwona, wakajaza sebule, wengine wakaketi sakafuni pale ilipokuwa meza. Wakamuuliza kilichotokea.

"Niliteleza kidogo," Angwenyi akasema.

Bochaberi alikuwa amebeba sinia la vikombe. Alisimama nalo pale pale. Aliteleza. Basi ndiyo habari yote, magunia, mlango wa Bhoke, makopo mia tatu, na ufunguo ulioacha alama kifuani pake mpaka leo. Aligawa chai, akarudi jikoni, na usiku alilala ameelekea ukutani. Hasira ilimuuma kuliko mikono, kwa sababu alijua kwamba mtu aliyeteleza ataingia tena, na siku hiyo labda yeye Bochaberi atakuwa sokoni, na kilango kitakuwa wazi, na mtu atasema imekubali.

Jumapili alfajiri aliamshwa na sauti ya kutafuna. Alitoka na kanga yake kiunoni. Ndama alikuwa katikati ya sukuma wiki, huru kabisa, ametafuna mistari minne na ameanza wa tano, na alimtazama Bochaberi bila aibu yoyote. Shingoni hakuwa na kitu.

Bochaberi alijaza kifua pumzi ili amwite mumewe kwa jina lake la kubatizwa. Kisha akaangalia upande wa bani.

Kamba ya buluu ilikuwa kwenye msumari wake kando ya ngazi. Ilikuwa imeoshwa, bado inadondosha maji, na imekunjwa duara kwa duara. Kufuli lilikuwa kwenye kilango, limefungwa. Chini yake, juu ya jiwe, Angwenyi alikuwa ameketi na fimbo yake, mkono umeshika mbavu, anahema kama aliyepanda mlima. Kutoka kitandani mpaka pale kulimchukua, alikuja kukiri baadaye, karibu saa nzima.

"Mboga zimekwisha," Bochaberi akasema.

"Nimeona."

"Ungemfunga na kitu kingine, basi."

"Nitamtafutia yake." Angwenyi alinyoosha mkono, na kiganjani kulikuwa na ufunguo, ule ambao Bochaberi aliulaza chini ya mto wake. "Hii ikae kwako. Na mimi nikitaka kuingia, nikuombe."

Bochaberi alikaa chini pale pale, kwenye udongo wenye umande, katikati ya vijiti vya sukuma wiki, akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu Ijumaa. Ndama akasogea akaula ule mstari wa tano mpaka mwisho, na hakuna aliyemfukuza.